Kuosha au Kukata: Historia Fupi ya Masikio ya Mbwa

Insha hii inahusu sikio la mbwa: jinsi watu walivyolisafisha, walivyolitibu na walivyolikata, tangu enzi za Warumi hadi wakati wetu. Najua baadhi ya wenzangu watatabasamu. Tumezoea kuandika juu ya mikataba, vita na vyama vya siasa. Hata hivyo, jambo dogo likifuatwa kwa muda mrefu huonyesha mambo ambayo mikataba haiyaonyeshi, hasa nani aliifanya kazi na nani aliiandika. Hoja yangu ni kwamba kwa takribani miaka 2000 binadamu wamekuwa na majibu mawili mbele ya sikio bovu la mbwa, yaani kuosha na kukata. Kuosha kuliandikwa mapema na kwa sehemu kubwa kulikuwa sahihi. Kukata kulidumu kwa sababu nyingine kabisa, ingawa ugonjwa ndio uliotajwa kila mara kuwa kisingizio.

Tuanze na maumbile, maana bila kuyajua historia yenyewe haieleweki. Mfereji wa sikio la binadamu huingia kichwani karibu moja kwa moja. Wa mbwa hushuka kwanza kuelekea chini, kando ya kichwa, kisha hugeuka na kuingia ndani, mfano wa herufi L. Kwa hiyo maji, vumbi, nta na mbegu za nyasi zikishaingia huwa hazitoki kirahisi. Mahali penye giza, joto na unyevunyevu vijidudu hustawi. Jambo hili ni la mbwa wote, awe na masikio yaliyosimama au yaliyolala, nami naomba msomaji alikumbuke kwa sababu tutalirudia tutakapofika kwenye kisu.

Masikio yaliyolala ni kazi ya binadamu. Mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, ambaye ndiye ukoo wa mbwa wetu wa nyumbani, ana masikio yaliyosimama. Charles Darwin aliandika mwaka 1859 kwamba hakuna mnyama hata mmoja wa kufugwa ambaye hana masikio yaliyolegea katika nchi fulani. Miaka 100 baadaye, mwaka 1959, Dmitri Belyaev alianza kule Novosibirsk, Siberia, jaribio la kuzalisha mbweha kwa kigezo kimoja tu, upole wao mbele ya watu. Baada ya vizazi kadhaa walizaliwa baadhi ya mbweha wenye masikio yaliyolegea, ilhali hakuna aliyechagua masikio. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu maana ya jaribio hilo, lakini kwa mwanahistoria yatosha kujua kwamba sikio lilianza kuanguka pale mnyama alipoingia uani. Katika michoro ya Misri ya Ufalme wa Kale, mbwa wa kuwinda huchorwa akiwa na masikio yaliyochongoka na mkia uliojikunja. Katika michoro ya Ufalme Mpya wanaonekana pia mbwa wembamba wenye masikio yanayoning'inia. Baadaye wawindaji wa Ulaya wakazalisha mbwa wa kunusa wenye masikio marefu mno. Kila sikio lililoongezwa urefu liliongeza kazi kwa mtu wa kulitunza.

Maandishi ya wazi ninayoyafahamu juu ya kazi hiyo yanatoka Roma. Marcus Terentius Varro, ambaye mwaka 37 kabla ya Kristo alisema anakaribia umri wa miaka 80, aliandika kitabu cha kilimo na ufugaji. Katika sehemu ya mbwa wa wachungaji anaeleza kwamba mbwa hupakwa lozi zilizosagwa kwa maji, masikioni na katikati ya vidole, kwa kuwa nzi, kupe na viroboto hupenda kutia vidonda sehemu hizo zisipopakwa. Karne moja baadaye Columella, aliyezaliwa Gades huko Hispania, aliongeza ufafanuzi. Anasema wakati wa kiangazi nzi huyala masikio ya mbwa kiasi kwamba mara nyingi mbwa huyapoteza kabisa. Kinga yake ni lozi chungu zilizosagwa. Vidonda vikiwa vimekwisha kuingia, vidondoshewe lami ya miti iliyochemshwa pamoja na mafuta ya nguruwe.

Nimeisoma sehemu hii mara kadhaa, na kila mara hunivutia kwa jambo moja: mtu huyu alikuwa ameangalia. Nzi anayemzungumzia anafanana kabisa na yule tunayemjua hapa kwetu, nzi anayeuma, ambaye huandama ncha za masikio ya mbwa waliofungiwa karibu na mazizi mpaka ncha zikafanya magamba meusi. Mfugaji wa Kampala au Bukoba akisomewa maneno ya Columella hatahitaji mwalimu wa Kilatini kumfafanulia maana. Lozi chungu zina harufu kali na sumu kiasi; lami na mafuta huziba kidonda nzi asikifikie. Hakuna uganga hapo, hakuna hirizi.

Lakini Columella huyohuyo, katika kurasa zilezile, anaeleza pia kukata. Anasema mtoto wa mbwa akifikisha siku 40 hivi akatwe ncha ya mkia kwa meno, na mshipa uvutwe nje, ili mkia usirefuke vibaya na, kama wachungaji wengi wanavyodai, mbwa asipate kichaa. Hapa ndipo tunapoona kwa mara ya kwanza mtindo utakaojirudia. Sababu mbili zimewekwa bega kwa bega: moja ni ya macho, mkia usiwe na sura mbaya, nyingine ni ya ugonjwa. Ya pili ni uongo mtupu, kwani kichaa cha mbwa hakina uhusiano wowote na mkia. Lakini ndiyo iliyoipa ya kwanza heshima.

Ni nani aliyepaka hizo lozi? Varro hasemi, kwa sababu kwa msomaji wake halikuwa swali. Wachungaji wa mashamba makubwa ya Roma walikuwa watumwa. Anachosema ni kwamba msimamizi wa wachungaji awe na maandishi ya dawa za mifugo na awe anajua kusoma. Kwa maneno mengine maarifa yalitoka kwa wenye mikono michafu, yakapanda juu hadi kwa bwana, yakaandikwa, kisha yakateremshwa tena kwa watumwa kama maagizo. Sisi tunaosoma fasihi simulizi tunaifahamu safari hiyo. Jina la aliyegundua hubaki njiani.

Elimu ya kutunza mbwa wa kuwinda haikukaa Ulaya peke yake. Mnamo mwaka 1240 hivi, katika baraza la Mfalme Frederick II huko Italia, Theodore wa Antiokia alitafsiri kutoka Kiarabu kwenda Kilatini kitabu kinachojulikana kwa jina la Moamin, kinachohusu ndege wa kuwindia na mbwa wa kuwinda pamoja na magonjwa yao. Nalitaja jambo hili kwa sababu katika madarasa yetu mara nyingi husikika kwamba Waislamu hawakuwa na habari na mbwa. Sheria ya unajisi ni jambo moja. Mbwa wa kuwinda, ambaye Qurani yenyewe inaruhusu kula alichokamata, ni jambo jingine. Uwindaji wa Waarabu na Waajemi ulizalisha maandishi mengi ya utunzaji, na Ulaya ilikopa.

Maelezo kamili zaidi kuhusu sikio yanapatikana Ufaransa katika mwaka 1387, pale Gaston Phébus, mtawala wa Foix, alipoanza kuandika kitabu chake cha uwindaji. Baadaye kidogo, kati ya mwaka 1406 na 1413, Edward, mtawala wa York, alikitafsiri kwa Kiingereza na kuongeza sura zake mwenyewe. Alikufa vitani Agincourt mwaka 1415. Katika kitabu hicho imeelezwa kwamba mbwa hupata ugonjwa wa masikio, hujikuna kwa mguu wa nyuma mpaka uchafu mwingi ukatoka, na wengine huishia kuwa viziwi. Tiba ni kuchukua divai ya uvuguvugu, kuliosha sikio vizuri kwa kitambaa mara tatu au nne kwa siku, na baada ya kuosha kudondosha matone matatu ya mafuta ya maua ya kamomili yenye uvuguvugu. Mbwa azuiwe kujikuna na kujisugua. Iendelee hivyo mpaka apone.

Tuitazame tiba hii kwa macho ya leo. Divai ina tindikali na alkoholi kidogo, na vyote viwili havipendwi na vijidudu. Uvuguvugu ni muhimu, kwani kimiminika baridi ndani ya sikio humfanya mbwa apate kizunguzungu na kuogopa asishikike tena. Kitambaa hufuta bila kuchokoa. Matone ni matatu tu, si kikombe. Kumzuia asijikune ndiyo kazi ambayo leo hufanywa na ule mwavuli wa plastiki unaovalishwa shingoni. Kosa kubwa ni chanzo cha ugonjwa, ambacho kitabu kinadai ni maji mabaya yanayoteremka kutoka kichwani. Nadharia ilikuwa mbovu lakini mkono ulikuwa sahihi. Katika historia ya tiba jambo hilo si la ajabu, ila sisi wanafunzi hulisahau kwa sababu tunasoma nadharia kuliko mikono.

Na mikono hiyo ilikuwa ya watoto. Phébus anasema anayetaka kuwa mwindaji aanze akiwa na umri wa miaka 7. Mtoto huyo alipaswa kujua mbwa wote kwa majina na kwa rangi, kusafisha banda lao kila siku, kuwabadilishia nyasi na maji, na usiku kulala nao ili wasipigane. Katika nakala maarufu ya kitabu hicho iliyoko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, iliyopambwa kwa picha mwanzoni mwa karne ya 15, wanaonekana watumishi wameinama wakiwakagua na kuwahudumia mbwa. Ni picha za kupendeza zenye rangi ya dhahabu. Mtu anaweza kuzitazama kwa muda mrefu bila kufikiri kwamba kuosha sikio lenye usaha mara nne kwa siku, kwa mbwa wengi wa banda moja, lilikuwa jukumu la mtoto ambaye leo angekuwa darasa la pili.

Karne tatu zilizofuata nazipitia haraka, kwa sababu vitabu vingi vya uwindaji vilinakiliana. Mabadiliko yalikuja mwaka 1761, Claude Bourgelat alipopewa idhini ya kuanzisha chuo cha udaktari wa mifugo mjini Lyon. Lakini chuo hicho na vilivyofuata vilianzishwa kwa ajili ya farasi na ng'ombe, yaani jeshi na chakula. Mbwa hakuwa na nafasi kubwa. Ilibidi kusubiri hadi mwaka 1817 ndipo Delabere Blaine, Mwingereza, akatoa kitabu kizima cha magonjwa ya mbwa. Mwaka 1845 William Youatt akafuata na kitabu chake. Wote wawili walizungumzia kwa kirefu donda la sikio, na wote waliona kwamba linawashika zaidi mbwa wanaoingia majini, wenye manyoya mengi na masikio mazito. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ugonjwa haukuteremka tena kutoka kichwani. Uliingia kutoka nje, pamoja na maji yaliyobaki kwenye kona ya ile herufi L.

Wakati huohuo kisu kilikuwa kazini. Katika mabanda ya mbwa wa kuwinda mbweha huko Uingereza ulikuwepo utaratibu wa kuviringa masikio, yaani kukata ncha za masikio ya mbwa wachanga ili yasichanwe na miiba vichakani. Mbwa wa kupiganishwa na wa kushambulia mafahali walikatwa masikio karibu yote ili adui asipate mahali pa kung'ata. Ukatili huo wa michezo ulipigwa marufuku kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1835. Kwa mantiki ya kawaida, kazi ikiisha na chombo chake huwekwa chini. Haikuwa hivyo. Mwaka 1859 yalifanyika mjini Newcastle maonyesho ya mbwa yanayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi, na mwaka 1873 ikaundwa Kennel Club ya kusimamia mambo hayo. Mbwa ambaye hangeweza kupigana hata na paka alikatwa masikio ili afanane na mpiganaji. Youatt alikuwa ameukemea ukataji miaka mingi kabla ya hapo, lakini wafugaji walitia pamba masikioni.

Watetezi walijibu kwa lugha ya afya, kwamba sikio lililokatwa hupata hewa, haliozi na halichanwi. Hapa ndipo naomba turudi kwenye maumbile. Kinachokatwa ni lile jani la nje. Mfereji, ambamo ugonjwa hukaa, hauguswi. Unabaki na kona yake na unyevu wake. Ni kama mtu mwenye kisima kichafu akavunja mlango wa uzio na kudai amesafisha maji. Tena zipo mbari zenye masikio yaliyosimama zenyewe, kama mbwa wa polisi wa Kijerumani, na bado huugua masikio. Ni kweli kwamba sikio zito lililolala huongeza unyevu, na sipendi kulificha hilo. Lakini jambo linaloongeza hatari si lazima liwe chanzo, na jibu la unyevu ni kukausha.

Mgogoro ulifika kileleni London katika miaka ya 1890. Kesi ya ukatili ilifikishwa mahakamani, watu wakapatikana na hatia kwa kumkata mbwa masikio, na Mwana wa Mfalme aliyekuja kuwa Edward VII akatamka wazi kwamba anaupinga utaratibu huo. Kabla ya muongo kuisha Kennel Club iliwaondoa mashindanoni mbwa waliokatwa.

Katika miaka hiyohiyo likatokea jambo ambalo wanahistoria wa mbwa hulitaja kwa mstari mmoja tu, lakini kwetu sisi wa ukanda huu lina uzito. Mwaka 1895, kwenye maonyesho ya Crufts, walionyeshwa mbwa wadogo kutoka Kongo, wenye masikio makubwa yaliyochongoka na mkia uliojikunja kama pete. Waliugua na kufa muda mfupi baadaye. Mbwa wa aina hiyo alikuwa amekwisha kuelezwa na Georg Schweinfurth, msafiri aliyefika kwa Wazande mwaka 1870, ambaye alishangazwa na jinsi masikio yao yalivyosimama daima. Ni kizazi hicho ambacho tangu miaka ya 1930 kimejulikana duniani kwa jina la basenji, neno ambalo msomaji wa Kiswahili hulitambua mara moja kuwa ndugu wa washenzi. Tafakari kinyume hicho. Mjini London watu walikuwa wakishtakiana juu ya kumkata mbwa ili masikio yake yasimame, na wakati huohuo mbwa ambaye Mungu alimpa masikio yaliyosimama, asiyehitaji kisu wala divai ya uvuguvugu, aliingizwa ukumbini kama kioja na kubandikwa jina la ushenzi.

Baada ya hapo kazi ilihamia kwenye hadubini. Mwaka 1838 Eduard Hering wa Stuttgart alikuwa amekwisha kumwelezea utitiri wa masikioni, mdudu mdogo kama nukta nyeupe, anayeacha ndani ya sikio uchafu mweusi mkavu unaofanana na unga wa kahawa. Ugunduzi huo ulikuwa na faida ya haraka, kwani utitiri huambukiza kutoka kwa mbwa hadi mbwa na kutoka kwa paka hadi mbwa. Kumtibu mmoja na kuwaacha wenzake ni kazi bure. Kisha ikaja habari ya hamira. Mwaka 1925 Weidman aliikuta kwenye ngozi ya kifaru wa Kihindi aliyekuwa kifungoni, ndiyo maana jina lake la kisayansi hadi leo hubeba maana ya ngozi nene. Miaka 30 baadaye, mwaka 1955, Gustafson wa Sweden aliikuta kwenye masikio ya mbwa wagonjwa na kuieleza kwa kina. Sasa tunajua kwamba hamira hiyo huishi pia kwenye sikio zima bila kudhuru, na huzidi pale tu ambapo hali imeharibika: mzio wa chakula au wa viroboto, maji, mbegu ya nyasi, au kusafisha kupita kiasi.

Hilo la mwisho ni la karne ya 20 hasa. Mwaka 1923 hivi Leo Gerstenzang, Mmarekani mwenye asili ya Poland, alibuni kijiti chenye pamba kwa ajili ya watoto wachanga. Kijiti hicho kilisambaa dunia nzima na kikaingia kwenye masikio ya mbwa, na hapo madhara yake ni makubwa kuliko kwa binadamu. Mfereji una kona, kwa hiyo pamba haifiki chini; inachofanya ni kusukuma nta mpaka kwenye kona na kuishindilia. Mtoto wa Phébus na kitambaa chake alikuwa salama zaidi. Katika hili tulirudi nyuma huku tukidhani tunasonga mbele.

Hata kisu kilipata matumizi ya haki, na ni vyema nikitendee haki. Mwaka 1949 Zepp alichapisha njia ya upasuaji ambayo hufungua upande mmoja wa mfereji unaoshuka, ili usaha upate pa kutokea na hewa ipate pa kuingilia. Upasuaji huo hufanywa kwa mbwa aliyelazwa kwa dawa ya usingizi, na kwa sababu ya ugonjwa uliopo. Tofauti na ukataji wa zamani si kwamba huu unatoa damu kidogo. Huu unalenga mahali ugonjwa ulipo.

Upande wa sheria mambo yamekwenda kwa kusuasua. Mkataba wa Ulaya wa kulinda wanyama wa nyumbani, uliotiwa saini Strasbourg mwaka 1987, unakataza upasuaji wa kubadili sura, na masikio yametajwa kwa jina. Uingereza na Wales zilikataza kwa sheria ya mwaka 2006. Marekani chama cha madaktari wa mifugo kinapinga, lakini mashindano makubwa bado yanawapokea mbwa waliokatwa. Kwetu Afrika Mashariki, atakayefungua matangazo ya kuuza mbwa wa ulinzi atawaona wameandikwa wakali na masikio yao yamechongwa. Muuzaji akiulizwa, jibu ni lile la Columella na wachungaji wake: sura na afya bega kwa bega.

Tiba yenyewe ya kila siku haijasogea mbali na mwaka 1387. Dawa ya kuoshea hupashwa iwe vuguvugu, hutiwa sikioni, shina la sikio hukandwa mpaka isikike ikicheza ndani, mbwa huachwa ajikung'ute, kisha pamba au kitambaa laini hufuta kile kilichopanda juu, si zaidi ya kina kidole kinapofika. Sikio zima halihitaji hayo kila siku. Likiwa na harufu, wekundu, usaha au maumivu, daktari ndiye wa kutazama kwanza kama ngoma ya sikio haijatoboka, maana dawa nyingi zikipita hapo huleta uziwi. Mbwa akiachwa, hujikung'uta kichwa kwa nguvu mpaka mishipa ya jani la sikio ipasuke na damu ijae ndani kama mfuko.

Anayeigundua harufu hiyo kwanza, katika nyumba nyingi za mijini kwetu, ni mlinzi wa usiku au kijana wa kazi anayempelekea mbwa ugali. Mwenye nyumba humwona mbwa kupitia kioo cha gari. Daktari akija humuuliza mwenye nyumba tatizo lilianza lini, na mwenye nyumba hugeuka kumtazama yule kijana.